Mshahara unaingia ukiwa tayari na wenyewe: deni linavyozunguka na namna ya kutoka

Kuna kitu mtu mwenye madeni hahitaji kuelezwa, siku ya kupokea hela haina raha tena. Meseji inaingia, unaifungua, na kabla hujaweka simu chini ushajua hii ni ya yule, hii ya wale, hii imekatwa hata kabla hujaiona, na kinachobaki hakifiki wiki ya pili, halafu wiki ya tatu unakopa tena ili ufike mwisho wa mwezi, na mwezi ujao ni vilevile. Nimeishi hivyo miaka kadhaa. Ndiyo maana naandika kwa urefu, kwa sababu ushauri niliokuwa napewa wakati ule ulikuwa mmoja tu, "jibane, acha matumizi mabaya", na nilijibana kweli na bado deni likakua. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini.

Shida ni kwamba deni sugu siyo kiasi tu unachodaiwa, ni mzunguko. Unaishi mwezi huu kwa hela ya mwezi ujao. Hela ya mwezi ujao ikifika inakuta ishaliwa, kwa hiyo inabidi uchukue ya mwezi unaofuata, na kila unaposogeza mbele unalipia ada ya kusogeza. Ada hiyo ndiyo riba. Sasa mtu akikwambia ujibane bila kukuonyesha mzunguko wenyewe anakuambia uchote maji kwenye mtumbwi bila kuziba tundu.

Tuuweke kwa namba. Chukulia kila mwezi unapungukiwa 30,000 kabla ya siku ya hela, unachukua mkopo wa simu wa siku 30 ambao ada yake ni asilimia 10. Ikifika siku ya kulipa unatoa 33,000. Lakini mshahara wako haujaongezeka, kwa hiyo pengo lako sasa ni 33,000, unakopa 33,000, mwezi unaofuata unalipa 36,300, unakopa hizo hizo. Ukiendelea hivyo miezi 12 utakuwa unadaiwa zaidi ya 94,000, na ulichowahi kukila kweli ni zile 30,000 za mwanzo basi. Wengine wanalipa ile ada tu kila mwezi ili mkopo usogezwe mbele, wanaona wametulia, lakini hao nao kwa mwaka wametoa 36,000 na bado wanadaiwa 30,000 yote. Mtu akisikia "asilimia 10" anaona ndogo kwa sababu benki nazo zinasema asilimia 15 au 18, ila ile ya benki ni ya mwaka mzima na hii ya simu ni ya mwezi mmoja. Ukiigeuza iwe ya mwaka ni asilimia 120, na ukiacha irundikane juu ya yenyewe inapita 200.

Hapo pa kugeuza kila riba iwe ya mwaka naomba usiparuke, kwa sababu wakopeshaji wana lugha nyingi. Mmoja anakwambia riba, mwingine anaita ada ya huduma, mwingine ada ya maombi inayokatwa kabla hujapewa hela, yaani umeomba 50,000 umepokea 46,000 na unarudisha 50,000. Kwako wewe majina hayo yote ni kitu kimoja, ni tofauti kati ya hela iliyoingia mkononi na hela itakayotoka. Chukua tofauti hiyo, igawanye kwa hela uliyopokea, angalia ni kwa siku ngapi.

Halafu kuna mtego mwingine hata watu waliosoma wananaswa nao. Mkopo wa 120,000 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 10. Kuna anayepiga hiyo riba juu ya mkopo wote wa mwanzo, riba ni 12,000, jumla 132,000, gawa kwa 12 unalipa 11,000 kila mwezi. Inaonekana safi. Lakini fikiria, mwezi wa sita wewe ushalipa karibu nusu, hela yote ile huna tena mkononi, na bado unalipia riba kama vile unazo 120,000 zote. Ukiihesabu kwa njia ya salio linalopungua, ambapo riba inapigwa kwa kile tu kilichobaki, riba yako halisi ni karibu asilimia 18. Kwa hiyo mkopo wa asilimia 15 wa salio linalopungua ni rahisi kuliko wa asilimia 10 wa riba isiyopungua. Kabla ya kusaini uliza swali moja, riba inahesabiwa kwenye mkopo wa mwanzo au kwenye salio? Afisa mikopo anayekujibu kwa kuzungukazunguka, mshukuru uondoke.

Na kadi za mkopo zina ugonjwa wao, malipo ya chini. Kila mwezi unaambiwa lipa angalau kiasi fulani na ukilipa unaonekana mteja mzuri, hakuna anayekusumbua. Chukulia unadaiwa 100,000, riba asilimia 2 kwa mwezi, malipo ya chini ni asilimia 3 ya salio. Mwezi wa kwanza unalipa 3,000, lakini 2,000 ni riba, deni limepungua 1,000 tu. Mwezi wa pili salio ni dogo kidogo, kwa hiyo na malipo ya chini yanashuka kidogo, na hapo ndipo penye sumu yenyewe, wao wanakupunguzia mzigo na wewe unafurahi. Ukifuata hivyo, itakuchukua karibu miaka sita deni lifike nusu. Nusu tu! Na utakuwa umeshalipa 150,000. Sasa angalia hii: mtu yuleyule, deni lilelile, anaamua atalipa 3,000 kila mwezi bila kushusha hata salio likishuka. Anamaliza deni lote kwenye mwezi wa 56, jumla kama 166,000. Na akiweza 5,000 anamaliza kwenye miezi 26, jumla kama 129,000. Kilichobadilika kati ya wa kwanza na wa pili ni kitu kidogo sana, alikataa kushusha rejesho. Kama utachukua jambo moja kwenye makala hii chukua hilo, weka kiwango chako mwenyewe na usikubali kishuke kwa sababu mkopeshaji amekuruhusu.

Sasa kwa nini mtu mwenye akili zake anaingia huko na anakaa? Mimi siamini ni ujinga. Mwaka 2013 Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao walitoa utafiti kwenye jarida la Science, sehemu moja waliwapima wakulima wa miwa wa India mara mbili, kabla ya mavuno wakiwa wamekaukiwa na baada ya mavuno hela ikiwa imeingia. Mtu yuleyule alifanya vibaya kwenye majaribio ya kufikiri kabla ya kuvuna kuliko baada. Akili yake haikupungua, ilikuwa imejaa. Kichwa kilichojaa hesabu za nani anapiga simu leo na nani kesho hakina nafasi ya kupanga miezi sita mbele, kinatafuta njia ya kufika jioni. Na mkopo wa haraka ndiyo umetengenezwa kwa ajili ya kichwa cha namna hiyo, vibonyezo vitatu hela imeingia. Kwa hiyo ukijikuta unafanya maamuzi ya pesa unayojua kabisa si mazuri, usijitukane, ila jua kwamba maamuzi yako inabidi uyahamishe kutoka siku za ukame uyapeleke siku ya hela, dakika zile za kwanza, kabla kichwa hakijaanza kukimbizana.

Hatua ya kwanza ni karatasi. Najua kila mtu anasema hivyo ila wachache wanafanya, kwa sababu inatisha, kuna watu hawafungui meseji za benki miezi na miezi. Andika kila deni, hata la rafiki, hata lile la dukani ulilosema utapitisha kesho. Kwa kila deni andika vitu vinne, unadaiwa kiasi gani leo, linakula riba kiasi gani kwa mwezi kwa namba na siyo asilimia, tarehe yake ya kulipwa, na ukichelewa kunatokea nini. Mimi nilipoandika nilikuta deni moja nilishalisahau kabisa, na lingine ambalo kichwani nililiona kubwa kuliko yote kumbe lilikuwa la tatu. Woga unapima vibaya.

Ile safu ya riba kwa namba ndiyo itakushangaza. Mfano: unadaiwa 15,000 na ndugu bila riba, 40,000 ya mkopo wa simu kwa asilimia 10 kwa mwezi, na 300,000 ya benki kwa asilimia 1.5 kwa mwezi. Ukiyatazama hivi lile la 300,000 ndilo linakunyima usingizi. Lakini la benki linakula 4,500 kwa mwezi na lile dogo la simu linakula 4,000! Kila 1,000 unayoipeleka kwenye la simu inakuokolea 100 kila mwezi, ukiipeleka benki inakuokolea 15. Nimeona watu wanakazana kupunguza deni kubwa kwa fahari huku yale madogo yanawanyonya.

Hapo kuna ubishi wa siku nyingi, uanze na lenye riba kubwa au uanze na lililo dogo? Kihesabu jibu ni moja, riba kubwa kwanza, hakuna mjadala. Lakini binadamu si kikokotoo. Mwaka 2012 David Gal na Blakeley McShane walichambua data za watu wenye madeni na wakaona kwamba kufunga akaunti moja moja za madeni kulikwenda pamoja na mtu kufika mwisho, bila kujali ukubwa wa kiasi kilicholipwa. Yaani kule kufuta jina moja kwenye karatasi kunampa mtu nguvu ya kuendelea. Upande wa pili, utafiti wa Moty Amar, Dan Ariely na wenzao wa 2011 ulionyesha watu wanapenda sana kufunga madeni madogo hata pale ambapo kufanya hivyo kunawagharimu. Wote wako sahihi. Maoni yangu ni haya, mikopo ya siku 30 iondoke kwanza kabisa bila kujali saizi, maana hiyo ni moto, halafu kwenye yanayobaki kama riba zinakaribiana anza na dogo upate pumzi, kama zimepishana sana fuata riba. Na lile la ndugu lisilo na riba usiliache likaoza, mpelekee kidogo kidogo kila mwezi na mwambie tarehe, riba yake inalipwa kwa heshima na ikikatika ni ngumu kuirudisha.

Sasa turudi kwenye ule mzunguko, kwa sababu watu wengi wanakwama hapohapo. Ukiambiwa "acha kukopa kuanzia leo" na kila mwezi ulikuwa unaziba pengo la 30,000, mwezi ujao utalala njaa, na siku ya tano utakopa tena na kujiona umeshindwa. Mimi nilitoka kwa kushuka ngazi. Unalipa 33,000 kama kawaida lakini unakopa 25,000 tu, pengo la kubeba ni 8,000. Mwezi wa pili unalipa 27,500 unakopa 20,000, unabeba 7,500. Wa tatu unalipa 22,000 unakopa 15,000, wa nne unalipa 16,500 unakopa 10,000, wa tano unalipa 11,000 unakopa 5,000, wa sita unalipa 5,500 na hukopi tena. Pengo kubwa kuliko yote ni lile la mwezi wa kwanza, 8,000, kisha kila mwezi linapungua kwa 500. Jumla umetoa 40,500. Ni ghali ndiyo, umelipa 10,500 za ada, lakini umetoka, na mwezi wa saba unaamka na mshahara wako mzima. Ni afadhali mara mia kuliko kujitosa mara moja ukazama. Sharti lake ni moja, ule mkopo wa mwezi huu usizidi ulioandika kwenye karatasi, na mkopeshaji akikuongezea kiwango, maana atakuongezea kwa sababu unalipa vizuri, usikiguse, kama programu inaruhusu kukishusha kishushe.

Hiyo 8,000 inatoka wapi? Hapa ndipo tunafika kwenye matumizi, na nina neno na wale wanaosema acha vocha na soda utakuwa tajiri. Vitu vidogo vinahesabika lakini havijawahi kuwa ndiyo kisa kikubwa kwa watu wengi ninaowajua. Kinachoamua ni vitatu vinne vikubwa, nyumba unayoishi, usafiri, watu wanaokutegemea, na vitu vya mkopo ulivyochukua ili ufanane na wenzako. Ukihamia chumba cha bei ndogo umeamua mara moja na unaokoa kila mwezi bila kujizuia tena, ila ukijinyima soda inabidi ushinde vita kila siku, na siku ukiwa umechoka utashindwa. Kwa hiyo anza na kikubwa kinachouma mara moja. Najua kuhama au kuuza gari ni jambo la aibu machoni pa watu, na aibu hiyo ina bei yake, ihesabu nayo kama gharama uone kama unaimudu.

Kuhusu wanaokutegemea, hili ni gumu na sitaki kulipitia kwa wepesi. Mtu anayedaiwa na bado hawezi kusema hana ataishia kukopa ili asaidie, yaani anamsaidia mgonjwa kwa hela yenye riba. Nilichofanya ni kuweka kiasi cha msaada kwa mwezi, kikiisha nasema kimeisha, bila uongo na bila kuahidi. Watu wawili walininunia. Wengine walizoea baada ya miezi mitatu hivi, na mmoja akaniambia siku nyingi alikuwa anajiuliza natoa wapi.

Halafu kuna matumizi tunayoyaita dharura ambayo si dharura. Ada ya shule inajulikana tarehe. Bima inajulikana. Sikukuu zipo kwenye kalenda. Tairi litaisha tu, simu itapasuka kioo tu, siku huijui lakini mwaka hauishi bila kitu cha namna hiyo. Jumlisha yote ya mwaka mzima gawa kwa 12, hicho kiasi kinatengwa kila mwezi kama bili nyingine. Ukifanya hesabu hii mara ya kwanza utagundua kwamba ule mwezi uliokuwa unauona wa kawaida haupo, kila mwezi una kitu chake, na ndicho kilichokuwa kinakusukuma kukopa.

Ndiyo maana pia sikubaliani na ushauri wa kupeleka kila senti kwenye deni. Weka akiba kidogo kwanza, hata ya nusu mwezi wa chakula na nauli, mahali ambapo si rahisi kuichota kwa simu. Kihesabu inaonekana ni kosa, akiba haikupi kitu na deni linakula riba, lakini kazi ya hiyo akiba ni kukuzuia usirudi kwa mkopo wa siku 30 mtoto akiumwa usiku. Ikizidi hapo, kinachozidi kipeleke kwenye deni. Kukaa na akiba nono huku unalipa riba kubwa nako ni kujiumiza.

Tabia sasa. Kuna kitu kuhusu namna tunavyolipa ambacho nimekiamini kabisa. Drazen Prelec na Duncan Simester wa MIT walichapisha utafiti mwaka 2001, waliendesha mnada wa tiketi za mpira wa kikapu, wengine wakaambiwa watalipa taslimu na wengine kwa kadi ya mkopo. Wa kadi walikuwa tayari kutoa hadi mara mbili ya wale wa taslimu kwa kitu kilekile. Noti ikitoka mkononi inauma, namba ikitoka kwenye skrini haiumi. Na mambo yote siku hizi yanaenda kwenye kuondoa hayo maumivu, kadi imehifadhiwa, alama ya kidole, nunua sasa ulipe baadaye kwa vipande vinne. Kazi yako ni kuyarudisha. Futa kadi zilizohifadhiwa kwenye simu ili kila ukinunua uandike namba zote upya, zima meseji za ofa, kitu chochote ambacho si chakula wala dawa kisubiri siku tatu kwenye orodha, utashangaa vingi vinajifuta vyenyewe. Hela ya matumizi igawanye kwa wiki siku ileile ya kupokea, ihamishie akaunti ya pembeni na ujipe ya wiki moja moja, kwa sababu tukiwa na ya mwezi mzima mkononi wiki ya kwanza tunaishi kama matajiri.

Ukipata ongezeko, chukua nusu ya ongezeko ipeleke kwenye deni kabla hujaizoea. Richard Thaler, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, na Shlomo Benartzi walijaribu jambo linalofanana na hili, wafanyakazi wa kampuni moja walikubali mapema kwamba kila mshahara ukipanda sehemu yake iende akiba moja kwa moja. Baada ya miezi 40 walikuwa wametoka kuweka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6. Hawakubadilika roho, walibadilisha ni lini uamuzi unafanyika. Deni nalo ni hivyo, ukiweka makato ya moja kwa moja siku ya hela huhitaji ushujaa.

Na usijipe wiki tatu ukategemea umebadilika. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 wakijenga tabia mpya, wastani ulikuwa siku 66 na wengine walikadiriwa kuhitaji hadi 254, na kukosa siku moja moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo ukivurunda mwezi mmoja, umevurunda mwezi mmoja.

Kwa wenye kipato kisichoeleweka, biashara ndogo, vibarua, kazi za msimu, angalia miezi sita iliyopita, chukua mwezi mbaya kuliko yote, bajeti yako na marejesho yako yajengwe juu ya huo. Mwezi mzuri ukija tofauti yake gawa, nusu akiba ya miezi mibaya, nusu deni. Kosa linaloua ni kuchukua mkopo kwa kupima mwezi mzuri.

Kuna wakati lakini namba hazikubali. Umebana kila kitu, na jumla ya marejesho inazidi kinachobaki. Hapo usikimbie, mfuate mkopeshaji kabla ya tarehe, siyo baada. Kabla ya tarehe wewe ni mteja anayetafuta njia, baada yake wewe ni faili. Omba muda urefushwe, faini zisimame, au kama una kiasi fulani cha mkupuo uliza kama watakubali kimalize deni. Chochote mtakachokubaliana kiwe kwa maandishi, maana anayekupokea simu leo kesho hayupo. Kama una mdhamini mwambie mapema wewe mwenyewe, asijue kwa barua. Na ujue kwamba hela unayolipa ukiwa umechelewa mara nyingi inaanza kufuta faini, halafu riba, ndipo deni lenyewe, kwa hiyo unaweza kulipa miezi mitatu salio lisisogee. Uliza wanavyoigawa.

Utaambiwa pia unganisha madeni yote kwenye mkopo mmoja wenye riba ndogo. Inaweza kuwa nzuri, hasa ikifuta ile ya siku 30, ila pima jumla na siyo rejesho. Deni la 100,000 kwa asilimia 2 kwa mwezi kwa miaka 2 linalipwa kama 5,290 kwa mwezi, riba yote karibu 27,000. Ukilihamishia kwa asilimia 1.5 kwa miaka 5 unalipa 2,540 tu kwa mwezi, unapumua, lakini riba yote inafika 52,000. Asilimia imeshuka na riba uliyolipa ni karibu mara mbili. Ukihamisha, endelea kulipa lile rejesho la zamani kama mkataba unaruhusu kulipa zaidi bila faini. Na zile akaunti za zamani zifunge kabisa siku hiyohiyo, la sivyo mwaka haupiti utakuwa na mkopo mkubwa na ile midogo imerudi.

Kama una mwenza, yote haya hayaendi kwa siri. Mtu anayejibana peke yake huku mwenzake hajui kwa nini anaonekana mchoyo, nyumba inakuwa na ugomvi, na ugomvi unaishia kwenye matumizi ya kusuluhisha. Mkalishe, mwonyeshe karatasi yote, hata lile deni unaloona haya nalo. Nilichelewa kufanya hivi na ndicho kitu kilichonigharimu kuliko riba.

Siku ukimaliza deni la kwanza, lile rejesho lake usilirudishe kwenye matumizi, lihamie deni linalofuata siku ileile, ndivyo kasi inavyoongezeka bila mshahara kuongezeka. Na usiondoke mikono mitupu: omba barua ya kuonyesha umemaliza, chukua hati au kadi ya gari kama waliishika dhamana, hakikisha mdhamini wako ameachiwa, na baada ya mwezi mmoja au miwili angalia taarifa zako za mikopo kama zimesahihishwa, kwa sababu nimeshuhudia mtu akinyimwa mkopo wa nyumba kwa deni alilolimaliza miaka mitatu nyuma na hakuwa na karatasi ya kuonyesha.